Bayodainamiki kwa anayeanza: nizike pembe kwanza au nianze na mboji?

BintiKaole (Bagamoyo)

Wadau habari za jioni. Naomba msaada kwa yeyote anayejua kilimo cha bayodainamiki, kile kinachoongeza dawa za pembe na maua na kalenda ya mwezi juu ya kilimo hai. Simaanishi kilimo hai cha kawaida, hicho nakijua kidogo kidogo.

Nina nusu eka huku Bagamoyo, upande wa Kaole. Udongo ni kichanga kitupu, ukimwagilia asubuhi, mchana hujui kama kulikuwa na maji. Nalima mchicha, bamia, nyanya chungu, pilipili mbuzi, na mihogo pembeni. Shemeji yangu yuko Ujerumani, amenitumia picha za kalenda ya kupanda kwa mwezi pamoja na sauti ndefu za WhatsApp akinieleza namna wenzetu wanavyolima huko.

Sasa nimechanganyikiwa. Kuna pembe ya ng'ombe inajazwa samadi na kuzikwa. Kuna maua yanatiwa kwenye kibofu cha mnyama anayefanana na kulungu (nikikutwa nacho hapa si nitaambiwa nina nyara za serikali?). Kuna siku za mizizi na siku za majani. Mama mkwe amesikia neno "pembe" tu, akaniuliza taratibu kama naelewana na majirani.

Naomba mniambie: mtu mwenye nusu eka anaanza na lipi? Pembe ni lazima? Na hii kalenda ya Ujerumani inafanya kazi Bagamoyo?

Bwanashamba_Mstaafu

Binti, nakujibu kwa kifupi. Aliyeanzisha haya, Rudolf Steiner, hakuwa mkulima. Alikuwa mwanafalsafa. Alitoa mihadhara minane kuhusu kilimo Juni 1924 kwenye shamba la kabaila mmoja huko Koberwitz, sehemu ambayo siku hizi iko Poland, na Machi 1925 akafariki. Mengi aliyosema pale hayakutoka kwenye majaribio ya shambani, yalitoka kwenye imani yake ya mambo ya kiroho. Kichanga cha Bagamoyo kinataka mboji na matandazo. Pembe waachie wenye pembe.

MjukuuWaMlalo (Lushoto)

Shikamoo mzee. Kuhusu 1924 umesema kweli tupu, ila umefunga kikao mapema.

Dada BintiKaole, mimi nilifanya kazi kwenye shamba la namna hii kaskazini mwa Ujerumani kabla sijarudi nyumbani Mlalo kwenye matuta ya babu. Lilikuwa na nembo ya Demeter, ile nembo ya mazao ya bayodainamiki iliyosajiliwa tangu 1928. Nilifika nikiwa na hamu ya kuona pembe. Nikakabidhiwa toroli na uma wa samadi. Majuma yakapita, pembe sijaiona. Yule mzee mwenye shamba hakuwa na haraka nami: alitaka nijue kwanza kinyesi cha ng'ombe wake kinatoka wapi, kinakwenda wapi, na kinarudi lini kwenye majani anayokula yule yule ng'ombe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: samadi unaitoa wapi? Msingi wa bayodainamiki ni shamba lijitosheleze kadiri linavyoweza: mifugo yake, malisho yake, mbolea yake, mbegu zake. Mwezi na pembe vinakuja juu ya hapo. Ukianza na pembe kwenye kichanga kisicho na mboji, unanyunyizia hewa.

Anza na lundo. Chagua chini ya mwembe au popote penye kivuli. Upana mita moja na nusu, urefu wa kwenda juu mita moja na robo hivi, urefu mwingine kadiri ya mali uliyonayo. Chini kabisa weka vijiti na mabua ili hewa ipite. Halafu tabaka la makavu (majani ya mwembe, nyasi kavu, mabua), tabaka la mabichi (magugu kabla hayajatoa mbegu, maganda ya ndizi, majani ya alizeti mwitu kama yapo kwenu), tabaka jembamba la samadi, na udongo kiganja kiganja. Sisi Washambaa tuna mti wetu tunaouita tughutu, wazee waliukata wakafukia majani yake shambani kabla hatujasikia habari za mtaalamu. Huko pwani hutaupata, lakini kila mahali pana majani ambayo wazee wanayajua, uliza.

Maji ndiyo wengi wanakosea. Chukua konzi ya mchanganyiko uikamue: mkono ulowane, yasichuruzike, kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa. Funika kwa makuti. Chomeka kijiti kikavu kirefu hadi katikati na ukiache humo. Siku ya nne au ya tano kichomoe, kishike palepale kwenye ncha. Kikitoka cha moto kiasi cha kukufanya ubadilishe mkono, lundo linafanya kazi. Kikitoka cha vuguvugu na kikavu, ongeza maji. Kikitoka kimelowa, kina ute na kinanuka yai viza, umelizamisha, lifumue uchanganye makavu. Hicho kijiti ni kipimo cha bure, na kule Ujerumani walikuwa na kipimajoto cha chuma cha urefu wa mkono kinachosema hayo hayo kwa namba: nyuzi 55 mpaka 65 za Selsiasi ndizo wanazozitafuta.

Sasa yale maua. Ni dawa za lundo, zina namba 502 hadi 507: yaro, kamomili, majani ya kiwavi (ule mmea unaowasha), gome la mwaloni, dandelioni na valeriani. Kila moja ina utaratibu wake, na ndiyo, yaro hutiwa kwenye kibofu cha dume la mnyama yule wa Ulaya. Kulungu wetu mwache porini. Hizi huwekwa kidogo kidogo kwenye mashimo ya lundo, kijiko kimoja kimoja, ila valeriani ni maji yake, hunyunyiziwa juu ya lundo. Wenye mashamba makubwa huzinunua zikiwa tayari. Wewe ziruke kabisa kwa sasa. Lundo lako litaiva bila hizo.

Pembe ndiyo dawa namba 500. Hii unaweza kuifanya mwenyewe na haina gharama. Pembe ya ng'ombe jike, samadi mbichi ya ng'ombe anayenyonyesha au anayekamuliwa, aliyekula majani na siyo pumba tu, kwa sababu kinyesi cha pumba ni chepesi mno, hakikai. Shindilia mpaka ijae. Chimba futi moja au zaidi kidogo kwenye udongo wako mzuri kuliko wote, mbali na mizizi ya miti, zilaze mdomo ukitazama chini ili mvua isizijaze maji. Fukia, weka alama.

Ulaya wanazika mwishoni mwa Septemba, wanafukua karibu na Pasaka, yaani zinakaa ardhini majira yote ya baridi. Sisi baridi hiyo hatuna. Mimi nazika masika yanapoanza kushika, nafukua kipupwe kinapoisha. Ukigonga pembe kwenye jiwe siku hiyo, kinachodondoka siyo kinyesi tena. Ni kitu cheusi, laini, kinashikana vidoleni lakini hakichafui, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Mara nyingine unakuta nyungunyungu mmoja amejikunja kule nchani, sijui alipitia wapi. Ukikuta katikati pana ukijani na harufu ya zizi, rudisha ardhini, bado.

Matumizi: Wahindi, ambao wana joto kama letu na wameifanya kazi hii kwa wingi, hutumia gramu 25 hivi kwa lita 13 hadi 15 za maji kwa eka. Nusu eka yako ni nusu ya hapo. Maji ya mvua au ya kisima, ya bomba yenye klorini yalaze wazi kwanza. Unakoroga saa nzima. Saa nzima kweli. Unazungusha kwa mti upande mmoja mpaka katikati pafunguke shimo linalokaribia kitako cha ndoo, halafu ghafla unageuza upande wa pili, maji yanavurugika yanatoa povu, yanajikusanya tena, shimo linafunguka tena. Jioni, udongo ukiwa na unyevu, chovya ufagio wa chelewa na urushe matone makubwa makubwa ardhini, siyo kwenye majani. Ukishakoroga, tumia jioni ile ile.

Iko na 501, ya unga wa jiwe kwarisi, nayo hunyunyiziwa asubuhi kama ukungu. Wenyewe wanasema inaongeza nguvu ya mwanga. Kwa jua la Bagamoyo mimi nisingeigusa.

Kuhusu mama mkwe. Hili usilichukulie mzaha. Mtu akionekana anachimba na kufukia pembe jioni jioni, kesho mtoto wa jirani akiugua homa, wewe ndiye habari ya mtaa. Mimi nilizika saa nne asubuhi siku ya gulio watu wakipita, nikamwita mjumbe, nikamwomba na jirani yangu mkubwa anishikie pembe nikijaza. Akacheka kwamba Wazungu wamekosa kazi. Mtu aliyeshika kinyesi kwa mkono wake hawezi kusema baadaye kwamba ni kafara. Na siku ya kufukua niliwaita tena, wakanusa.

BintiKaole

Kaka ahsante sana, nimesoma mara mbili. Samadi naichukua kwa wafugaji, zizi lao liko njia ya kwenda Makurunge. Wananipa bure nikipeleka viroba mwenyewe. Ila wanaogesha ng'ombe dawa ya kupe na wanawapiga sindano za minyoo. Hiyo haiharibu?

Na kalenda bado hujaigusa.

MkaeWaKusini (Unguja)

Naingia hapa kwenye kalenda, maana mnaisifu ya Mjerumani na sisi tuna yetu.

Huku Makunduchi wazee walihesabu mwaka kwa Nairuzi, ndiyo ile sikukuu ya Mwaka Kogwa mnayoiona kila Julai watu wanapigana kwa migomba. Kuanzia siku hiyo siku zinahesabiwa kumi kumi, kila kumi ni mwongo, miongo thelathini na sita na siku tano za ziada. Mwaka wa jua huo, haukimbii kama mwaka wa mwezi, ndiyo maana mkulima na baharia waliutegemea. Bibi yangu hakujua tarehe ya Kizungu lakini alijua mwongo upi wa kutia mtama na upi wa kungoja. Na juu yake ilikuwapo nyota ya Kilimia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Mwezi nao tuliutazama. Mianzi na boriti hukatwa mwezi ukiwa giza ili zisiliwe na dumuzi. Fundi yeyote wa makuti atakwambia hivyo. Sisemi imepimwa maabara. Nasema kabla hujatafsiri kalenda ya shemeji, kaa na wazee wa Kaole.

MjukuuWaMlalo

Mkae, hiyo ya miongo sikuijua kwa undani hivyo, nashukuru.

Dada, samadi kwanza. Dawa za minyoo zingine hutoka na kinyesi na huua wadudu wa samadi, wale tunaowategemea wakatengeneze udongo. Waulize wafugaji wamepiga sindano lini. Ya siku za karibuni usiijaze kwenye pembe. Itie kwenye lundo, ipate moto, ikae muda mrefu. Ya pembe omba kwa ng'ombe mmoja tu ambaye hajadungwa kwa muda mrefu, unahitaji ndoo moja, siyo kiroba.

Kalenda. Karibu kila kalenda ya namna hii inatokana na kazi ya mama mmoja Mjerumani, Maria Thun, aliyeanza majaribio yake ya kupanda miaka ya hamsini na kuichapisha kalenda kuanzia miaka ya sitini. Alisema mwezi ukipita mbele ya makundi ya nyota, kila kundi linaamsha sehemu moja ya mmea. Kwa majina tunayoyajua kwenye magazeti yetu: Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni siku za mizizi, panda karoti au palilia mihogo. Kaa, Nge na Samaki ni za majani, mchicha wako huo. Mapacha, Mizani na Ndoo ni za maua. Punda, Simba na Mshale ni za matunda na mbegu, hapo weka bamia na nyanya chungu. Ila usichukue tarehe za nyota za gazetini, hazilingani. Yeye alifuata makundi yalivyo angani, mengine mapana mengine membamba, kwa hiyo siku za kundi moja zinaweza kuwa mbili au hata nne.

Je, inafanya kazi Bagamoyo? Hapa pana mambo mawili, na shemeji yako ameyachanganya kwenye sauti yake, naweza kubashiri. Mwezi ukiwa kwenye Simba ukitazamwa kutoka Ujerumani, uko kwenye Simba ukitazamwa kutoka Kaole. Hilo halibadiliki, unaongeza saa tu: mbili wakati wao wa baridi, moja wakati wao wa joto. Lakini kalenda ina kitu kingine, "wakati wa kupandikiza", unaohusu njia ya mwezi kushuka chini angani siku hadi siku. Kwa walio kusini ya ikweta hiyo inageuka kinyume. Na kwa Bagamoyo, nyuzi sita na ushee kusini, mwezi unapita mara kaskazini ya utosi, mara kusini yake. Kupanda na kushuka kwake hakuna maana kubwa. Ukurasa huo ufunike. Na usichanganye mwezi kushuka na mwezi kupungua: mzunguko wa kupanda na kushuka ni siku 27 na kitu, wa mwezi mchanga hadi mchanga mwingine ni 29 na nusu. Havitembei pamoja.

Mimi mwenyewe? Mvua ikinyesha siku ya majani na mbegu ninazo za karoti, napanda karoti. Mvua haisomi kalenda.

Moja zaidi kwako wa pwani. Kule Ulaya huchemsha mmea unaoitwa mkia wa farasi wanyunyizie dhidi ya ukungu, hiyo ndiyo 508. Wahindi waliokosa mmea huo hutumia mvinje. Na ufukwe wenu umejaa mvinje. Chemsha vijani vyake taratibu, acha vipoe, chuja, zimua, nyunyizia kabla ukungu haujashika, siyo baada.

Bwanashamba_Mstaafu

Kijana unaandika vizuri, na mengi ya mboji nakuunga mkono. Lakini tuweke mizani sawa ili binti asije akadhani pembe ndiyo iliyomwotesha.

Kuna jaribio la Therwil, Uswisi, lilianza 1978, wanalinganisha bayodainamiki, kilimo hai cha kawaida na kilimo cha mbolea ya viwandani bega kwa bega. Matokeo ya miaka 21 yalichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2002. Mavuno ya makundi ya kilimo hai yalikuwa chini kwa wastani wa asilimia 20. Udongo wao ulikuwa na uhai zaidi, wa bayodainamiki hasa. Sasa swali la mwanasayansi: uhai huo umeletwa na pembe? Vile viwanja vilipewa samadi iliyoivishwa kuwa mboji, wenzao wakapewa samadi iliyooza kidogo tu. Huwezi kuzitenganisha. Mimi naona kazi ameifanya mboji.

MjukuuWaMlalo

Mzee, hapo hatugombani. Nami nikiulizwa na mtu mwenye senti chache, nitamwambia apeleke jasho lake kwenye lundo. Pembe nimeiweka kwa sababu inanilazimisha kupita tuta kwa tuta jioni nikiwa na ndoo, mikono imeshika ufagio na simu iko nyumbani. Sota waliokata miche ya kabichi niliwaona katika mzunguko kama huo, chini ya jani, kabla hawajamaliza tuta. Ungeweza kusema ningewaona hata bila pembe. Kweli. Ila nisingepita.

Na dada, soko: nembo ya Demeter gharama yake si ya nusu eka. Kama unataka alama ya kuuzia, ulizia Kilimohai, ile ya kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007. Mnaweza kujiunga kikundi mkakaguana wenyewe kwa mfumo shirikishi.

BintiKaole

Nimeelewa jamani. Nimeshaanza kukusanya majani, mwembe upo. Mama mkwe nimemsomea ile ya mjumbe, amesema yeye ndiye atashika pembe ya kwanza.

Swali la mwisho: nimepata pembe machinjioni, zimechanganyika. Nitajuaje za jike? Na ndani bado zina mfupa.

MjukuuWaMlalo

Ya jike aliyezaa ina mikunjo mikunjo ya pete karibu na shina, na ncha yake ni nzito, imejaa. Ya dume ni nene shinani, tundu lake ni pana na kuta zake nyembamba. Ukishindwa, muulize mchinjaji akutengee yeye, anajua kuliko sisi wote.

Mfupa usiulazimishe kwa panga. Ziache kivulini wiki mbili tatu, zinuke zinavyotaka, kisha gonga shina kwenye gogo, mfupa unachomoka wenyewe. Usizichemshe. Na zining'inize juu kwenye mti, siyo chini ya uvungu wa jiko, maana mbwa watazibeba zote usiku mmoja, na ukianza kuzitafuta mtaa kwa mtaa ukiuliza "nani kaona pembe zangu", mama mkwe hatakusaidia tena.